Yaliyosemwa na Yaliyoonekana

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mlango wa ukumbi namba tatu ulikuwa umefungwa kwa kufuli ambalo si la chuo. Kufuli la chuo lilikuwa dogo na limechakaa. Hili lilikuwa jeusi, jipya, na karatasi ya bei bado imegandamana nalo. Rachida Hemedi alilishika, akalipima uzito mkononi, akaliachia. Nyuma yake, barazani, wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wamesimama bila kusema neno, na ilikuwa dhahiri kwamba wamekubaliana kutosema.

"Nani ameweka hili?"

"Ni promotion imeweka, Madame," alijibu Eddy, akimaanisha darasa zima la mwaka wa tatu.

Eddy alikuwa kiongozi wa darasa, au CP kama wanavyomwita, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa hadi mikunjo ya mikono. CP huita majina na hupeleka malalamiko, lakini kazi yake kubwa ni kuuza silabasi: maelezo ya kozi yaliyopigwa fotokopi na kubanwa pini, ambayo mwalimu huyaandika mara moja na wanafunzi huyanunua kila mwaka. Katika kila silabasi kumi anazouza, fedha ya moja ni ya CP. Rachida hakuwa na silabasi. Tangu apewe kozi ya Uchumi wa Uhandisi alikuwa akifundisha kwa habari za magazetini na za mitandaoni. Kila wiki kundi moja lilileta habari ya mradi fulani wa mkoa wa Tshopo, daraja au bwawa au kinu, nao waliufumua mradi ule mbele ya wenzao mpaka wajue kama unasimama au unaanguka.

"Na promotion inataka nini?"

"Cours, Madame. Tunataka cours. Hii yako haiko cours, ni radio-trottoir, maneno ya barabarani."

Kicheko kikapita barazani. Sauti nyingine ikadakia kutoka nyuma: "Mama yangu anauliza niko nasoma ingénieur ao journaliste!"

"Profesa Henri amesema examen itatoka mu syllabus yake," Eddy aliendelea. "Alors, siku ya examen tutaandika nini? 'Kulingana na journal ya Jumanne'?"

Rachida aliijua silabasi hiyo. Naye aliinunua zamani alipokuwa mwanafunzi. Zoezi lake la kwanza lilihusu kiwanda cha karatasi katika nchi yenye theluji, kwa riba ya asilimia sita, na hakuna mtu Kisangani aliyewahi kukopeshwa kwa asilimia sita. Profesa Henri, mkuu wa seksheni, alikuwa ameishika kozi hii miaka mingi kabla haijapewa Rachida, na hakuficha kwamba anaitaka irudi. Wiki iliyopita alimpelekea taarifa: Alhamisi atakuja kukaa darasani. Ikiwa somo halitasimama, mkutano wa Jumatatu utaondoa kozi mikononi mwake.

Basi kufuli halikuwekwa kwa bahati mbaya. Mlango ukifungwa hakuna somo, na pasipo somo hakuna kozi.

"Karakana iko wazi," Rachida alisema. "Ukuta wake umekuwa mweusi kwa moshi. Chaki itaonekana. Asiyetaka kuja asije, lakini jina lake nitaliandika."

Alishuka ngazi bila kugeuka. Nyayo zilimfuata, kwanza chache, kisha nyingi.

Profesa Henri alifika karakanani nyuma yao, akaketi juu ya kiti pekee chenye mgongo, miwani imeshushwa puani. Hakuuliza kwa nini somo limehamia pale. Rachida aliweka akilini kwamba hakuuliza.

Alichukua chaki, akachora mstari wima katikati ya ukuta. Juu ya upande wa kushoto aliandika *Yaliyosemwa*, juu ya upande wa kulia *Yaliyoonekana*. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na wanafunzi waliichukia kuliko hesabu yenyewe. Kila tarakimu iliyomo katika habari ilipaswa kuandikwa katika safu moja kati ya hizo mbili, na mara nyingi safu ya kulia ilibaki tupu. Kuna desturi ambayo kila mtu mjini anaijua: mwandishi akialikwa kwenye mradi, mwenye mradi humpa bahasha, coupage, kabla habari haijatoka. Rachida hakuwalaumu waandishi; wengi wao hawana mshahara mwingine. Aliwafundisha tu vijana wake kwamba tarakimu iliyolipiwa si lazima iwe ya uongo, ila haijawa kweli mpaka mtu aende kuitazama.

"Leo ni zamu ya kundi gani?"

"Leo article imechaguliwa na promotion nzima," Eddy alisema, akamkabidhi karatasi.

Rachida aliitambua picha kabla ya kusoma kichwa cha habari. Injini ya dizeli ya rangi ya buluu, iking'aa chini ya turubai, na pembeni yake ukuta wa matofali wa nyumba ya wazazi wake huko Kabondo, wenye ufa anaoujua tangu utoto. *Bengamisa kupata mashine mpya ya kukoboa mpunga*, kilisema kichwa, kikitaja kijiji cha wakulima nje ya mji. Chini yake: *Mwenye mradi, Bwana Juma Hemedi, awaalika wananchi kununua hisa.*

Alipoinua macho alimwona kaka yake akiingia karakanani, amevaa koti na kofia ya vito, akitabasamu kama mtu aliyealikwa harusini.

"Tumemualika promoteur, mwenye mradi mwenyewe," Eddy alieleza, huku anawatazama wenzake. "Si Madame mwenyewe alitufundisha kusikiliza kila upande? Bon. Huu ni upande."

Wakapiga makofi. Profesa Henri alikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Salaam aleikum, Madame le professeur," alisema Juma.

"Aleikum salaam, yaya," alijibu Rachida, kwa maana hivyo ndivyo mdogo wa Kisangani anavyomwita mkubwa wake, hata wakiwa wamegombana.

Sasa alielewa namna mtego ulivyotegwa. Akiusifu mradi, watasema anabeba ndugu yake. Akiuponda, ataivunja nyumba ya baba yake mbele ya watu. Tena kulikuwa na jambo la tatu, ambalo aliliona katika aya ya nne: *Injini hii ina uhai wa miaka kumi, athibitisha mtaalamu, Profesa Henri.*

"Nadia, soma tarakimu," alisema. "Sauti ifike nyuma."

Nadia alikuwa binti mfupi mwenye miwani mizito, asiyependwa sana na wenzake kwa sababu hakuwa na tabia ya kucheka nao. Alisoma, na Rachida aliandika. Gharama ya kuanzisha: dola elfu thelathini. Mapato ya mwaka: elfu kumi na tano. Mafuta, mishahara na matengenezo: elfu sita. Injini: mpya. Uhai: miaka kumi. Yote yaliingia safu ya kushoto.

"Riba?"

"Asilimia makumi mbili kwa mwaka," Nadia alisema. "Hiyo haiko mu article. Nimeuliza coopérative mbili, na karatasi zao niko nazo hapa."

"Basi hiyo ni ya kulia. Endelea."

Hesabu haikuwa ngumu. Faida ya elfu tisa kwa mwaka, kwa miaka kumi, ikirudishwa kwa riba ya asilimia ishirini kwenye thamani ya leo, ilitoa zaidi ya elfu thelathini na saba. Mtaji ulikuwa elfu thelathini. Mradi ulisimama, tena ulisimama vizuri.

"Voilà!" alisema Juma, akanyoosha mikono kama mgombea. "Munaona, watoto yangu? Hesabu imesema. Hisa bado ziko."

"Asante kwa promoteur," Eddy alisema. "Na asante kwa Madame. Mara ya kwanza mradi unasimama mu cours hii, na kwa bahati iko ya famille yake."

Kicheko kilikuwa kirefu safari hii. Rachida alisubiri kiishe, kisha akagonga ukuta kwa ncha ya chaki, pale penye *miaka kumi*.

"Nani aliiona?"

"Profesa," mtu akasema.

"Habari inasema Profesa amethibitisha. Haisemi ameona. Profesa, uliiona injini?"

Henri alishusha mguu wake. Walimu hawaulizwi maswali mbele ya wanafunzi, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. "Injini mpya ya aina ile huishi miaka kumi, mademoiselle. Hilo liko katika kila kitabu. Sihitaji kupanda baiskeli ya toleka mpaka Kabondo ili nijue jambo lililoandikwa."

Rachida alikuwa na mume na watoto wawili. Hiyo mademoiselle aliisikia, akaiacha ipite.

"Kwa hiyo hukuiona."

"Nimesema nilichosema."

Aliliacha jina la Henri pale lilipokuwa, katika safu ya kushoto. Ndipo Nadia akainua mkono, na sauti yake haikuwa ya kumwokoa mtu yeyote.

"Madame, hii injini iko mu parcelle ya wazazi yako. Wewe umeiona ao haujaiona?"

Eddy aliangua kicheko kifupi cha furaha. "Ah, Nadia! Question ya mwaka. Alors, Madame, wewe tukuandike mu colonne gani?"

Rachida alikuwa ameiona. Wakati wa Ramadhani, alipokwenda kufuturu nyumbani, alimkuta Juma uani akiwa na bomba la rangi, kitambaa kimefungwa puani, akiipaka buluu injini kuukuu ya marehemu baba yao. Kabla rangi haijafika ubavuni aliona vilevile kazi ya mchomeleaji aliyeitwa siku ile: mshono wa chuma mwa bloku ya injini, mrefu kuliko kiganja. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Wakati ule injini ilikuwa mali ya nyumba ikipakwa rangi nyumbani. Sasa ilikuwa tarakimu.

Alimtazama kaka yake. Juma alikuwa ameacha kutabasamu, na kwa kichwa alikuwa akimkataza, polepole, kama anavyokatazwa mtoto anayekaribia moto.

"Nimeiona," alisema Rachida. "Na siyo mpya."

Kelele zilipanda zote kwa pamoja. Juma alipaza sauti juu yao: "Rachida! Uko naongea nini mbele ya watu?"

"Lakini mimi ni mrithi wa kiwanja kile," aliendelea bila kupaza sauti, "na nimegombana na mwenye mradi, kama mnavyoona. Nina sababu ya kusema kweli na nina sababu ya kusema uongo. Kwa hiyo neno langu linakwenda kushoto, pamoja na la Profesa." Akaliandika: *Siyo mpya. R. Hemedi.* "Sasa mna maneno mawili yanayopingana, na safu ya kulia haina lolote juu ya injini. Mhandisi afanye nini?"

"Achukue neno la mwenye cheo kikubwa," alisema Henri kwa ukavu, na baadhi wakacheka kwa adabu.

"Aende kuangalia," alisema Nadia.

"Hakuna mutu ataingia mu parcelle yangu!" Juma alifoka.

"Ni ya papa, yaya. Haijagawanywa. Mimi nawafungulia."

Juma alimkaribia mpaka koti lake likagusa kiwiko cha dada yake. Aliongea chini, lakini karakana ina mwangwi, na wote walisikia.

"Unajua injini gani mupya mu mji huu? Nionyeshe moja. Kila kitu hapa kimeshonwa: mabati, barabara, hata sisi. Nikisema ni kuukuu, hakuna mama ataleta hata franc. Nikisema mupya wanaleta, mashine inaenda Bengamisa, mpunga unakobolewa, na watu wanakula. Wewe utaua hiyo yote na kipande ya chaki?"

Ilikuwa hoja, na Rachida aliipa heshima ya hoja. "Ungewaambia ni kuukuu ukapunguza bei ya hisa," alisema, "ningekuja kukufanyia hesabu bure. Ulitaka bei ya mpya."

"Hitima ya papa ni kesho. Usije."

Juma alisema hivyo kwa sauti ya kila siku, kama anayemweleza kwamba soko limefungwa. Kisha akatoka.

Henri naye alisimama, akafunga kalamu yake. "Somo limegeuka matembezi," alisema. "Nitaandika nilichokiona." Eddy alimfuata hatua chache, wakanong'onezana, kisha Profesa alikwenda zake, na Eddy akarudi kwa wenzake na uso uliokunjwa.

"Twende," aliwaambia. "Tukikuta iko mupya, Madame atatuomba pardon mbele ya chuo yote. Munasikia? Yote."

Walikwenda Kabondo. Wachache walipanda toleka, zile baiskeli za abiria zenye kiti cha sponji nyuma, na wengi walikwenda kwa miguu pembeni mwa barabara, wakimjadili mwalimu wao kwa sauti ambayo walijua anaisikia. Mmoja alisema anafanya yote haya kwa wivu, kwa kuwa baba alimpenda mvulana. Mwingine alisema mwanamke asiyemwogopa kaka yake hatamwogopa mtu. Rachida alitembea mbele. Jua lilikuwa limeshika, vumbi jekundu likipanda hadi kwenye upindo wa kitenge chake.

Juma alikuwa amefika kwanza kwa pikipiki, na alikuwa amesimama langoni. Hakuwazuia. Majirani walikuwa wameanza kutoka, na kuwazuia watu mbele ya majirani ni sawa na kukiri. Aliketi juu ya ngazi ya nyumba, akawasha sigara.

Injini ilikuwa uani chini ya turubai, buluu kama kwenye picha. Wanafunzi waliizunguka. Kwa muda hakuna aliyeigusa.

"Iko mupya hii," mmoja alisema. "Angalia rangi."

"Rangi ni safu gani?" Rachida aliuliza kwa nyuma.

Eddy ndiye aliyechuchumaa. Alikuja kumshinda, na kwa sababu hiyo alitafuta kwa bidii kuliko wote. Alitazama pale ambapo kiwanda hubandika kibao cha namba na mwaka: palikuwa na matundu manne ya ribiti, na kibao hakikuwapo. Aliomba kitambaa, mtu akampa leso. Akailowesha kwa petroli iliyobaki katika chupa kando ya ukuta, akaanza kusugua ubavu wa bloku. Buluu ilitoka kirahisi. Chini yake ilitoka kijani, na katikati ya kijani, mshono wa mchomeleaji, umevimba kama kovu, ukikimbia kutoka chini ya kichwa cha silinda hadi karibu na mguu wa injini.

Alisugua mpaka mwisho wa mshono. Kisha alisimama, akaitupa leso.

"Bloc ilipasuka," alisema. "Wameishona."

Nadia alikwisha kutoa daftari. "Ya kulia?"

"Andika ya kulia," alisema Eddy kwa hasira, kama anayelazimishwa kutoa jino.

Simu zilikuwa juu, zote zikipiga picha. Rachida aliwaacha, kisha akaokota kipande cha mkaa jikoni kwa mama yake, akaandika kwenye ukuta wa matofali, juu ya ule ufa.

"Mradi haujaanguka bado," alisema. "Injini iliyoshonwa huenda ikaishi. Msiniambie itaishi miaka mingapi, hamjui, wala mimi sijui. Badala yake nipeni hesabu nyingine. Mtaji ni elfu thelathini, faida elfu tisa, riba ishirini kwa mia. Injini hii lazima iishi miaka mingapi ili wenye hisa wasipate hasara?"

Walipiga hesabu, wengine kwa simu, wengine chini kwa vijiti. Safari hii hakuna aliyecheka. Waligombana, wakasahihishana kwa matusi madogo. Mmoja aliyesema miaka mitatu na kidogo aliambiwa kwamba amesahau riba, arudi shule ya msingi kwa masista. Mwisho Nadia na Eddy walifika pamoja kwenye jibu moja, na kila mmoja alikasirika kuona mwenzake amelipata.

"Sita," alisema Eddy. "Sita na kidogo."

Rachida aliandika sita ukutani. "Anayesema injini hii, ikifanya kazi kila msimu wa mavuno huko Bengamisa, itaishi zaidi ya miaka sita, ainue mkono."

Hakuna mwanafunzi aliyeinua. Pale kwenye ngazi, Juma aliweka sigara yake chini, akainua mkono wake peke yake, juu kabisa, akimtazama dada yake. Aliuacha juu muda mrefu.

"Mkono mmoja," alisema Rachida, akauandika.

Mama mmoja jirani, aliyekuwa amesimama langoni na beseni la mihogo, aliuliza kwa Kilingala kama ile ndiyo mashine ya hisa. Mwanafunzi mmoja alimjibu kwamba ndiyo. Mama alilitua beseni, akaingia kuitazama. Alilitazama kovu kwa karibu, akaligusa kwa kidole, akamgeukia Juma.

"Papa Juma," alisema, "uliniambia ilitoka Dubai."

Juma aliokota sigara yake. Rachida aliwaambia wanafunzi kwamba somo limekwisha.

Walipokuwa wakitoka, Eddy alimngoja langoni. "Madame, nisikilize vizuri. Hii haikufanyi prof muzuri. Umemuvua ndugu yako nguo mbele ya watu."

"Nani alimwalika?"

Eddy aligeuka, akaenda zake.

Kufikia jioni picha za kovu zilikuwa zimezunguka mji mzima. Ijumaa hitima ya Mzee Hemedi ilisomwa, na Rachida hakwenda. Dada yake mdogo alimpelekea sahani ya pilau iliyofunikwa, bila salamu za mtu yeyote. Jumamosi wanunuzi wa hisa walifika Kabondo, wengi wao wakiwa wanawake wa soko kuu, na Juma aliwarudishia baadhi yao fedha zao. Wengine aliwaambia zimekwisha kuwa mafuta na usafiri. Rachida alisikia hayo kwa watu watatu ambao hawakuafikiana kuhusu idadi, kwa hiyo idadi hakuishika.

Jumatatu mkutano wa seksheni ulikaa. Profesa Henri alisoma alichokiandika: mwalimu aliacha ukumbi, alitoa wanafunzi nje bila kibali, aliwafundisha kudharau cheo. Mwalimu mmoja mzee wa umeme aliuliza kama hesabu ilikuwa sahihi. Henri alisema hilo si swali la mkutano. Mzee akasema basi alitaka tu kujua. Hawakuiondoa kozi, kwa kuwa somo lilifanyika na majina ya waliohudhuria yalikuwa yameandikwa. Lakini Henri alipitisha waraka: kuanzia siku hiyo, kila habari itakayotumiwa darasani itiwe saini na muhuri wa mkuu wa seksheni kwanza, na akikataa, sababu itolewe kwa maandishi. Kifungu cha mwisho kiliongezwa na yule mzee wa umeme, na kikapita kwa sababu wengine walitaka kwenda kula.

Jumanne asubuhi Rachida aliingia ofisini kwa Henri. Ndani walikuwamo katibu na walimu wawili wanaosubiri saini zao. Aliweka mezani ile karatasi ya Alhamisi.

Henri aliisogeza kwa kalamu, bila kuishika. "Hii tena?"

"Ndiyo, Profesa. Alhamisi tunafanya gharama za ukarabati. Wanaijua tayari, hatutapoteza muda."

"Hii imekwisha."

"Hesabu ya uhai imekwisha. Ya ukarabati haijaanza."

"Una habari ngapi katika mkoa huu, hata urudi kwenye hii?"

"Hii ndiyo pekee ambayo wamekwenda kuiona."

Katibu aliacha kupiga chapa. Mmoja wa wale walimu aligeuka kuitazama picha ya mtoni iliyotundikwa ukutani.

"Ina jina langu," alisema Henri.

"Ndiyo. Aya ya nne."

"Unataka kunifanya kichekesho mbele ya watoto."

"Watoto walicheka Alhamisi, Profesa. Waliponicheka mimi ulikuwa umekaa. Nataka saini."

"Na nikikataa?"

"Uandike sababu. Ndivyo waraka unavyosema."

Henri aliitazama karatasi, akaipindua, akaipindua tena. Alimtazama katibu, ambaye alitazama mashine yake. Kisha alivuta kidau cha wino karibu, akatia saini pembeni bila kuvua miwani, akauchukua muhuri, akautafutia mahali, akaupiga katikati ya aya ya nne, juu ya jina lake mwenyewe.